Mgeni Rasmi Kwenye Mtihani wa Itifaki

Ipo nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwa woga, la. Ni kwa sababu wenyewe bado hawajakubaliana ni nani mwenye cheo cha kulitaja kwanza. Kwenye ramani haimo, na wananchi wake ukiwauliza watakwambia ramani ndiyo iliyokosea, na tayari tume imeundwa kuishughulikia. Ni nchi nzuri sana. Barabara zake zote zimeshazinduliwa, na baadhi karibu zitaanza kujengwa.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Chuo Kikuu cha Taifa, na humo chuoni alikuwamo binti mmoja, Sikudhani Mlawa, aliyekuwa akisomea udaktari wa mifugo. Nasema akisomea kwa kufuata mazoea ya kusema. Mifugo ilifundishwa Ijumaa alasiri, chini ya ngazi, kwa watakaopenda. Muda wote uliobaki ulikuwa wa Masomo ya Wote.

Masomo ya Wote yana asili yake. Zamani kidogo daktari bingwa mmoja alimpasua mheshimiwa fulani aliyeumwa kidole tumbo, akamwokoa, mtu akawa mzima kabisa. Lakini katikati ya upasuaji daktari yule alimwambia muuguzi, "Hebu mgeuze huyu." Mheshimiwa mwenyewe alikuwa amelala kwa dawa na hakusikia kitu. Aliyesikia ni msaidizi wake. Bunge likakaa, likalia, likagundua kwamba taifa linazalisha watu wanaoijua kazi na hawawajui wakubwa. Tangu siku hiyo ikawa sheria: usome uhandisi, usome meno, usome nyuki, hupewi shahada mpaka ufaulu Masomo ya Wote, ili uwe Mhitimu Kamili.

Sikudhani aliyafaulu yote isipokuwa moja. Kupiga Makofi alipata alama za juu, pamoja na ile sehemu ngumu ya kupiga makofi kabla jambo halijasemwa. Historia ya Mafanikio Yajayo aliikariri hadi sura ya mwisho, ambayo ilikuwa haijaandikwa. Kusimama Kando ya Barabara alikufanya kwa vitendo, juani, bendera mkononi, na mwalimu akamsifu kwa kutozimia. Kilichomtoa jasho ni Itifaki.

Itifaki ilikuwa ni salamu. Mtahiniwa alipanda jukwaani mbele ya watu wazito, akawataja mmoja baada ya mwingine kwa cheo kamili, kuanzia mkubwa kabisa hadi yule mdogo wa mwisho, bila kuruka wala kuchanganya. Akimaliza kusalimia, mtihani umekwisha. Profesa Matipwili, bingwa wa somo hilo, aliwahi kuulizwa na mwanafunzi mmoja mjuvi kama baada ya salamu huwa kuna hotuba. Profesa alifikiri kwa muda mrefu, akajibu kwamba hilo liko nje ya mtaala.

Mara ya kwanza Sikudhani alimsahau Naibu Katibu Msaidizi, aliyekuwa amekaa nyuma ya maua ya plastiki. Mara ya pili alikuwa katikati ya jina la mkuu mmoja wakati redio ya mlinzi pale mlangoni ilipotangaza kwamba mkuu huyo uteuzi wake umetenguliwa tangu asubuhi, ikaonekana binti amemsalimia raia wa kawaida, tena kwa bashasha. Mara ya tatu aliwataja wote sawasawa, ila alipiga chafya baina ya mabalozi wawili, na yule wa pili akashikilia kwamba chafya ile alipigiwa yeye.

Angekuwa mtu mwingine angecheka, akarudia mwaka, maisha yakaendelea. Lakini Sikudhani alikuwa na mama, na mama alikuwa na ng'ombe.

"Siku, mwanangu," mama yake alimpigia simu wiki ya mtihani wa nne, kutoka kwao, bonde la Ng'ongo. "Chausiku hagusi majani tangu juzi. Masikio yamelala, anahema utadhani kapanda mlima. Na wale wa mama Nyamizi wamekwisha wote."

"Matezi ya shingo yamevimba, mama? Hapo chini ya sikio?"

"Yamevimba, ndiyo. Haya, niambie, nimfanye nini?"

Sikudhani alijua fika kwamba hiyo ni ndigana, ugonjwa wa kupe, na dawa yake aliijua. Ila sheria ilimkataza mtu asiyefaulu Itifaki kumshauri mtu yeyote juu ya mnyama, na simu za wanafunzi zilikuwa zinasikilizwa na wenzao waliokuwa wakichukua somo la Usikivu.

"Siruhusiwi kusema, mama. Sijafaulu kusalimia."

"Kusalimia! Mbona hapa nyumbani unasalimia vizuri tu?"

"Siyo kusalimia huko, mama."

"Basi wasalimie upesi hao watu, mwanangu, uje. Ng'ombe hajui habari hizo."

Sikudhani alikwenda bafuni akalia mpaka macho yakawa mekundu. Bonde zima la Ng'ongo halikuwa na daktari wa mifugo. Nafasi ilikuwapo, wazi kabisa, na Wizara ilishatoa kauli: safari hii asipofaulu mtu wa mifugo, nafasi atapewa kijana aliyeongoza kwa Itifaki nchi nzima. Kijana huyo alikuwa anaogopa hata kuku.

*

Siku ya mtihani ndiyo ilikuwa siku ya mahafali, ili kubana matumizi ya viti. Ukumbi wa Shukrani ukapambwa kwa vitambaa, viti vikavishwa nguo nyeupe, na juu ya jukwaa kikawekwa kiti kimoja kikubwa kupita vyote, chenye mto. Hicho kilikuwa cha mgeni rasmi, Waziri wa Maarifa ya Jumla, Mheshimiwa Ngwembe.

Kanuni zilikuwa mbili, na kila mtu alizijua. Ya kwanza, hakuna lolote litakaloanza mpaka kiti kile kipate mwenyewe. Ya pili, hakuna atakayetoka ukumbini kabla mgeni rasmi hajatoka. Ni kanuni za busara sana. Matokeo yake ni kwamba watu waliingia asubuhi, wakakaa, na ilipofika alasiri walikuwa bado wamekaa, hakuna kilichoanza na hakuna anayeweza kutoka. Bendi ya brasi ilikwishapiga nyimbo zake zote ikazirudia. Makamu Mkuu wa Chuo alikuwa anatabasamu tangu kifungua kinywa na sasa mashavu yalimuuma. Sikudhani alikaa mstari wa mbele, joho limemzidi urefu, midomo ikichezacheza kwa kukariri vyeo.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na fahali. Alikuwa fahali mkubwa, mweupe mwenye mabaka meusi, aliyenunuliwa bonde la Ng'ongo kwa ajili ya karamu. Kazi ya kumfunga ilikuwa chini ya Kamati ya Ufungaji, wote Wahitimu Kamili. Kamba ilikuwa bado inasubiri saini, kwa hiyo wakamfunga kwa kile ambacho mikono yao ilikizoea, yaani utepe: ule mwekundu wa kuzindulia miradi, wenye ua la kitambaa. Wakaufunga vizuri, wakapigana picha, wakapiga makofi, wakaondoka. Fahali aliutazama utepe kwa muda, kisha akatembea.

Aliingia kwa mlango mkubwa. Utepe ulimning'inia shingoni na ua limemkaa kifuani barabara. Watu walipomwona wakasimama wote kwa mpigo, kwa hofu, na bendi ilipoona watu wamesimama ikapiga wimbo wa taifa. Ikapiga hadi ubeti wa mwisho. Kwa kuwa ni kosa la jinai kutikisika wimbo wa taifa ukipigwa, hakuna aliyekimbia, na fahali akapita katikati ya zulia jekundu taratibu, akiangalia huku na huku, akapanda jukwaani, akala maua, na alipofika kwenye kiti kikubwa akakinusa, akageuka, akajilaza mbele yake huku matako ameyaegemeza kwenye mto.

Wimbo ulipokwisha ndipo vilio vikaanza.

"Tutoke!" akanong'ona Makamu Mkuu wa Chuo, bado anatabasamu. "Kwa utaratibu. Tangulia, Mheshimiwa Balozi."

"Hapana, hapana. Mkuu wa Mkoa ni mkubwa kwangu. Atangulie yeye."

"Mimi nitangulieje," akasema Mkuu wa Mkoa, jasho linamtiririka, "na mgeni rasmi hajatoka?"

"Mgeni rasmi hajafika!"

"Ndiyo maana hajatoka."

Wote wakaona ukweli wa maneno hayo, wakabaki pale pale, wakitetemeka kwa kufuata vyeo.

Ni Sikudhani peke yake ambaye hakutetemeka. Alimtazama fahali masikio, akamtazama mkia, akaona mnyama hana hasira hata chembe. Ana kiu tu, na joto limemchosha. Akainuka na ndoo ya maji iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya maua, akamsogezea. Fahali akanywa.

"Wewe binti!" Profesa Matipwili alifoka kutoka chini ya meza. "Unamhudumia kwa nafasi gani? Hujahitimu!"

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Mwenyewe baadaye alisema halikuwa wazo, alikuwa amechoka tu. Alimfikiria Chausiku, masikio yamelala, akamfikiria na yule kijana wa kuogopa kuku, akapiga moyo konde.

"Profesa," akasema, "shikamoo. Naomba kuuliza. Kanuni si inasema mtihani unaanza kiti kikipata mwenyewe?"

"Ndivyo isemavyo."

"Kanuni inamtaja mwenyewe kwa jina?"

Profesa akatoka chini ya meza, maana swali lilikuwa la kitaaluma. Akajifuta magoti. Wakakusanyika yeye, Makamu Mkuu wa Chuo na Mkuu wa Mkoa, wakaisoma kanuni kwa sauti ya chini, huku jicho moja liko kwa fahali. Kanuni ilieleza kwamba mgeni rasmi ni yule aingiaye baada ya wote kuketi. Fahali aliingia wa mwisho. Ni yule ambaye wote husimama akiingia. Walisimama. Huvaa ua kifuani. Analo. Hupigiwa wimbo wa taifa. Alipigiwa, na hakutikisika vibaya. Haulizwi sababu ya kuchelewa. Ni nani angemuuliza?

"Kuna kipengele cha mwisho," akasema Profesa Matipwili kwa wasiwasi. "Awe mtu mzito."

Wakamwangalia fahali. Mkuu wa Mkoa akakadiria kwa macho, akasema hajawahi kuona mgeni rasmi aliyekidhi kipengele hicho kwa kiwango kile.

Basi Sikudhani akapanda kwenye kipaza sauti. Alipoinua macho akaona jambo ambalo hakuna mtahiniwa aliyewahi kuliona: mgeni rasmi alikuwa anamsikiliza. Hakuwa na simu ya kuchezea, wala msaidizi wa kumnong'oneza. Alimkodolea macho yake makubwa huku anatafuna ua taratibu.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," akaanza, na fahali akatikisa sikio.

Akashuka nao mmoja mmoja. Mkuu wa Mkoa, mabalozi, makatibu, wakurugenzi, makaimu wa wakurugenzi, wasaidizi wa makaimu, mwenyekiti wa Kamati ya Ufungaji, wazee maarufu, wazee wasio maarufu lakini waliofika. Hakuruka hata mmoja. Pua ilimwasha baina ya mabalozi, akajikaza. Alimkumbuka Naibu Katibu Msaidizi, akamsalimia kule kule nyuma ya maua ya plastiki, na mzee wa watu akatokwa na machozi, kwani kumbe hakuwa amewahi kusalimiwa na mtu. Alipomaliza, fahali akanyoosha shingo, akatoa mlio mmoja mrefu uliotetemesha madirisha.

"Ametunuku," Makamu Mkuu wa Chuo akatangaza haraka.

Sikudhani akawa daktari. Alitaka kucheka, akajikuta analia, akaufuta uso kwa joho.

*

Wakati huo huo msafara wa Waziri ukawasili.

Mheshimiwa Ngwembe aliingia kwa hatua za haraka, mkono mmoja umeinuliwa tayari kupungia watu. Akaona watu wote wamesimama, na hawamtazami yeye. Akaona kiti chake kina mwenyewe. Akaona ua kifuani. Sasa, mtu wa nchi nyingine angesema: ng'ombe anafanya nini hapo? Lakini Mheshimiwa Ngwembe alikuwa mzoefu wa serikali ile. Alikuwa ameshateuliwa akiwa bafuni na kutenguliwa akiwa angani, na alijua kitu kimoja kwa hakika: ukikuta mwingine kwenye kiti chako, maana yake mabadiliko yamefanyika ukiwa njiani. Mkono ulioinuliwa akaushusha. Akainama mpaka tai ikagusa sakafu.

"Hongera sana, Mheshimiwa, kwa uteuzi," akasema. "Nimepokea kwa moyo mkunjufu. Ofisi iko tayari, funguo anazo katibu."

Alipoinama Waziri, hakuna aliyebaki wima. Na Waziri alipoona wote wameinama akahakikisha kwamba hakukosea, na wengine walipoona Waziri bado ameinama wakahakikisha nao. Hivyo ndivyo mambo yanavyothibitishwa katika nchi ile. Ni njia ya haraka na haina gharama.

Karamu ikawa ya wali na kachumbari tu, maana nyama ilikuwa imekaa meza kuu. Maprofesa walikula kwa majonzi. Kisha likazuka suala la kumsindikiza mgeni rasmi nyumbani kwake, na kila mtu akauliza nyumbani kwake ni wapi.

"Ng'ongo," akasema Sikudhani.

Wakageuka kumtazama. Safari hii hakusubiri kupewa nafasi. Alikuwa ameteseka na itifaki kwa muda mrefu, akaona na yenyewe imtumikie kidogo. Akawakumbusha, kwa heshima zote, kwamba mgeni rasmi hasafiri bila daktari wake, na kwamba daktari wa mgeni rasmi hasafiri bila dawa. Kwa hadhi ya kiongozi huyu, akasema, inafaa sanduku zima la dawa ya ndigana, na sindano za kutosha, na barafu, maana iwapo ataugua njiani sijui tutamwambia nani nini. Makamu Mkuu wa Chuo hakutaka hata kuambiwa mara mbili. Dawa ambayo bonde la Ng'ongo liliiomba kwa miaka na kujibiwa kwamba haipo, ilipatikana kabla chai haijapoa.

Msafara ukaondoka na ving'ora. Mbele pikipiki, kisha fahali kwenye lori lililotandikwa zulia, kisha Waziri, Makamu Mkuu wa Chuo na Profesa Matipwili, kila mmoja nyuma ya mwenye cheo kumzidi. Wanafunzi wa Kusimama Kando ya Barabara walipanga mistari njia nzima, wakafanya mtihani wao wa vitendo. Wananchi wakapunga bendera. Bibi mmoja aliyemwona vizuri mgeni rasmi alisema huyu angalau ana sura ya upole.

Kule Ng'ongo, Mtendaji wa kata alikuwa amejiandaa. Uwanja ulifagiliwa, watoto walivishwa sare, na ng'ombe wagonjwa walifichwa nyuma ya shule ili wasimharibie mgeni mandhari. Fahali akapandishwa jukwaani. Mtendaji akasogea kwenye kipaza sauti, akakohoa, akasema, "Mheshimiwa mgeni rasmi," na kutoka hapo akaanza kushuka vyeo kwa furaha ya mtu ambaye hajawahi kupata vyeo vingi namna ile kwa siku moja.

Sikudhani hakungoja. Alikunja joho hadi magotini, akachukua sanduku, akazunguka nyuma ya shule kwa mbio. Huko alimkuta mama yake amepiga magoti kwenye vumbi, kichwa cha Chausiku kiko mapajani mwake.

Mama alimwangalia kuanzia kofia mpaka viatu.

"Umemaliza kuwasalimia?"

"Nimemaliza, mama."

"Haya, usilie basi. Yuko hai. Mimi nashika pembe."

Sikudhani akapiga magoti, akachoma sindano. Chausiku hakutikisika. Mama wa jirani, aliyekuwa amechungulia kwenye kona ya shule, akaondoka bila kusema neno, akarudi na ndama wake. Nyuma yake akaja mzee na madume mawili. Kule uwanjani watu walianza kunyemelea mmoja mmoja, wakijifanya wanakwenda haja, na kila aliyepotea alionekana nyuma ya shule amekamata kamba ya ng'ombe wake. Foleni ikapinda kona. Sikudhani alikuwa anachoma, anapapasa shingo, anaita anayefuata, anachoma tena, mikono imejaa mate ya ng'ombe, na hakuwahi kuwa na furaha kiasi kile tangu azaliwe.

Mtendaji alikuwa amefikia wakurugenzi wasaidizi. Uwanjani walikuwa wamebaki wakubwa tu na mgeni rasmi. Fahali akanusa upepo, akasikia sauti za wenzake, akainuka, akashuka jukwaani, akaenda zake nyuma ya shule, akasimama mwisho wa foleni.

Mgeni rasmi akiondoka, wote huondoka, na humfuata kwa vyeo. Kwa hiyo alifuata Mheshimiwa Waziri, akafuata Makamu Mkuu wa Chuo, akafuata Profesa Matipwili, na wa mwisho Mtendaji, bado anataja majina. Wakapanga mstari mmoja mzuri, kimya, mikono nyuma. Walisogea hatua kwa hatua kila foleni iliposogea, na hakuna aliyeuliza mbele kuna nini, kwani kuuliza hakukuwa kwenye mtaala.

Jua lilikuwa linamchoma Sikudhani kisogoni. Alimaliza na fahali, akampiga kofi la upendo ubavuni, akavuta dawa kwenye sindano nyingine bila kuinua kichwa.

"Anayefuata," akasema.

Mheshimiwa Waziri akasogea, akakunja mkono wa koti.